Zamu ya Khamisa

Kyuso, Jumapili

Dada Kanyiva,

Huku tuko salama, ndengu zimeota. Juzi nilifundisha Fomu Tatu vile Wayahudi waliangamizwa na Ujerumani: walilaumiwa kwa shida za nchi, maduka yao yakasusiwa, wakatungiwa sheria, mwishowe wakauawa kambini. Mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, majirani walikuwa wapi?"

Jana mwethya wetu, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, ulikuwa ulime kwa Khamisa. Tangu kisima kikauke, watu wanasema eti Waislamu kama yeye ndio wametuloga. Nilifika peke yangu. Wenzetu niliwasikia pande zote, kila mtu akilima kwake, bila wimbo.

Khamisa alikuwa amepikia wote muthokoi. "Kula, mwalimu," akaninong'oneza. "Usigeuke, wanakutazama."

Majembe yalikuwa yamenyamaza.

Mama usimsomee hii.

Mdogo wako,
Syombua