Mke Mwenza wa Bati

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, joto la kunata, na mimi nina wivu.

Nalionea wivu gari.

Mume wangu, Baba Neema, anapenda magari ya wakubwa yaliyofeli. Yale yaliyotengenezwa zamani ili mabosi wakae nyuma wasome magazeti, kisha mabosi wenyewe wakayakimbia. Jioni ananisimulia habari zake: la Kiitaliano lililoliwa na kutu likiwa bado jipya, la Kiingereza lenye mbao ndani kama kabati la sebuleni na taa zinazozimika zikijisikia. Anayahurumia kama yatima. La kwake ni la Kifaransa, alilinunua kwa mstaafu mmoja hapa Musoma. Spea hakuna. Likizimwa linalala chini, likiwashwa lazima usubiri lijiinue taratibu ndipo uondoke. Wakati huo wote Baba Neema anasimama pembeni anatabasamu. Mimi nikichelewa kufunga kilemba, anapiga honi.

Usiku analifunika kwa blanketi la harusi yetu.

Leo tulikwenda Butiama kwa mama yangu. Goti limemvimba, bodaboda hawezi kupanda, na Jumatatu anatakiwa hospitali huku mjini. Tulipanga kaka yangu Magesa aje na gari lake ambebe, sisi tubebe mizigo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapandi gari moja. Ni aibu, hata kutazamana wanakwepa. Tumefika tu, Magesa akapiga simu kwamba gari limemharibikia Bunda.

Basi mama yuko ndani na mfuko wake, Baba Neema kajibanza nyuma ya nyumba kama desturi inavyomtaka, mimi katikati. Mimi ambaye kazini naendesha gari la ofisi mpaka Kiriba, matope kwa mawe, lakini usukani wa hili sijawahi kuugusa. Sababu yake ni moja kila siku: "Wewe unaendeshaga kwa hasira."

Nikamfuata huko nyuma nikamwambia anipe funguo, la sivyo tumwache mama na goti lake.

Akazitazama funguo mkononi. Niliona kabisa kwamba anapima, na hicho ndicho kilichoniuma. Kumbe kulikuwa na cha kupima.

Mwishowe akanipa. "Subiri liamke kwanza, Mama Neema. Usilikimbize." Safari njema hakututakia. Akaita bodaboda, akatufuata.

Mama alikaa nyuma kama waziri, goti kalinyoosha. Barabarani nikamwaga yote: blanketi, tabasamu, honi. Yeye aliolewa mke wa pili, haya mambo anayajua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Afadhali wako wa bati," akasema. "Wa kwangu alikuwaga anajibu."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikatazama kioo. Baba Neema yuko nyuma yetu kwenye pikipiki, kajaa vumbi, shingo kainyoosha. Moyo ukalainika, nikasema kumbe ananijali. Nikatoa mkono dirishani nikampungia.

Hakunipungia. Alikuwa anaangalia tairi la nyuma.

Mbele yetu kulikuwa na shimo. Nililiona mapema, na nafasi ya kulikwepa ilikuwepo. Mungu anisamehe, sikulikwepa. Nililiingia katikati, nikauma meno nikisubiri kishindo.

Hakikuja. Gari lilizama kidogo, likapanda, likaendelea kama limepita juu ya godoro. Mama alikuwa ameanza kusinzia, na hakuamka. Nikaendesha hadi Musoma.

Sasa hivi mama yuko kwa dada yangu hapa mjini, amelala. Baba Neema yuko uani na kitambaa, anafuta vumbi. Nimekaa dirishani namtazama, na swali nililo nalo halina wa kuulizwa.

Nitashindanaje na mwenzangu ambaye hata nikimkusudia mabaya, ananibeba vizuri?