Jiwe Lililochemshwa kwenye Sufuria Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Anayetoa maelezo: Mama Mapazia, kama anavyofahamika kazini na kwenye jengo analoishi
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa kukata na kushona mapazia
Makazi: ghorofa ya pili, jengo lenye duka la dawa chini, nyuma ya kituo cha mafuta
Uhusiano na mgonjwa: mke wake
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 14, asubuhi, chumba cha upelelezi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Aliyefungua shauri hili, kwamba mume wangu ametiliwa sumu, ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na amenikataza nisije. Nimekuja hivyo hivyo.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Binti yetu ameshaolewa, tumebaki wawili. Sebuleni kwetu kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake anafuga samaki wa baharini na matumbawe hai. Watu hudhani matumbawe ni mawe. Yanakula, yanaumwa, na yakiudhika yanajifunga kama ngumi. Mambo haya sikuyajua kwa kupenda. Tangi lile limekaa mahali palipokuwa na kochi langu.

Mume wangu akirudi kazini huchuchumaa mbele ya kioo kabla hajavua viatu. Anapima joto, anapima chumvi, anafuta ukungu wa kijani, analisha kidogo kidogo kwa sababu chakula kikizidi kinaoza na maji yanaharibika. Kuna samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe ambaye humwita "mpenzi". Mimi huniita "mama". Kazini niliwatania wenzangu kwamba nimeletewa mke mwenza mwenye mapezi. Walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Mapema mwaka huu matumbawe yalianza kupauka. Mume wangu hakula vizuri wiki nzima. Ndipo alipomleta mwanamke mliyemweka ndani. Anaishi ghorofa ya juu kabisa na anafanya kazi maabara, kwenye kiwanda cha maji ya kunywa. Kwenye jengo tunamwita Dada wa Maabara. Naye ana tangi lake, dogo. Alikuja na vichupa, akadondosha dawa tone kwa tone mpaka maji yakabadilika rangi, akasema maji yamepungukiwa chokaa na taa iko karibu mno. Wakafanya alivyosema. Baada ya muda rangi zikarudi, zambarau na kijani, na mume wangu akaanza kupiga mluzi bafuni.

Tangu hapo mwanamke yule alikuwa anakuja mara kwa mara. Walikaa kwenye vigoda, magoti karibu yagusane, taa ya bluu ikiwamulika usoni. Mimi nilikuwa jikoni. Kati ya jikoni na sebule hakuna mlango, kuna pazia nililolishona mwenyewe kwa kitambaa chepesi.

Afande ameniuliza kama nilikuwa nawasikiliza. Nilikuwa nawasikiliza. Nilikuwa naacha vyombo kwenye karai nasimama. Waliongea kuhusu chokaa, mkondo wa maji, konokono wanaosafisha mchanga. Waliongea kwa sauti ya chini, kama watu wenye mtoto mchanga ndani. Mume wangu aliuliza maswali, na akijibiwa alisema, "Enhee, endelea." Mimi sikumbuki lini aliniambia niendelee. Nilitafuta neno moja tu la kumshikia, siku zote hizo, lakini yeye alikuwa anaongelea maji.

Kuhusu chupa ya chai ambayo shemeji ameileta hapa kama kielelezo. Chupa ile haijawahi kuwa na chai. Siku moja mwanamke yule aliiacha kwenye meza yetu, akaenda na mume wangu kubeba ndoo. Niliifungua nikanusa. Nilikuwa nataka kujua anamtengenezea nini mume wangu ambacho mimi sikitengenezi. Ndani kulikuwa na maji ya bahari yenye wadudu wadogo, hai, wanarukaruka kama vumbi kwenye mwanga. Ni chakula cha matumbawe. Huwekwa kwenye chupa ile ili wasipate joto. Nikafunga, nikanawa mikono. Mkiipeleka kupimwa mtakuta hicho hicho.

Mnamo Alhamisi tarehe 10, jioni, mwanamke yule alikuja akaonyeshwa jiwe moja kwenye kona ya tangi. Jiwe lilikuwa limeota matumbawe laini, ya duara, yamebanana kama vifungo vya shati. Wenyewe wanayaita vifungo. Yalikuwa yanasambaa na kuyaunguza mengine. Nilimsikia akimwambia mume wangu hivi: "Toa jiwe zima. Vaa glavu na miwani. Litie kwenye ndoo, lifunike, lisahau huko wiki kadhaa mpaka vife vyenyewe. Usilisugue. Na usije ukalichemsha, mvuke wake ni sumu, unaingia kifuani."

Mume wangu akasema, "Vitu vidogo hivi?"

Akasema, "Vidogo hivyo hivyo. Watu wamelazwa. Niahidi hutachemsha."

Mume wangu akasema, "Nakuahidi."

Neno hilo ndilo lililonileta hapa leo. Afande, nalikumbuka jinsi lilivyotamkwa kwa sababu lilinichoma. Nilijiuliza, ni nani huyu wa kuahidiwa na mume wangu, ndani ya nyumba yangu, nami nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Usiku ule sikuongea naye. Aliponiuliza nina nini, nilimwambia kwamba ndoo zake zote zitoke bafuni kwangu, na nisione ndoo nyingine. Sikumwambia sababu. Akasema, "Sawa mama."

Mnamo Jumamosi tarehe 12 niliingia kazini, tukafunga mchana. Tulikuwa tumepanga kwenda pamoja kumwona dada yangu, na mume wangu alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo hataligusa tangi. Nilifika kwenye jengo kama saa saba na nusu. Kwenye ngazi nilisikia mtu anakohoa. Nilipofika ghorofa yetu nikamkuta mume wangu amelala kwenye korido, midomo imekuwa ya kijivu, kichwa chake kimelala kwenye mapaja ya mwanamke yule.

Nimeapa kusema kweli, kwa hiyo naisema. Sikuuona ugonjwa kwanza. Niliona mapaja.

Mwanamke yule alikuwa anakohoa naye. Aliniambia, "Dada, usiingie ndani. Amechemsha jiwe. Nimezima jiko na kufungua madirisha." Mimi sikumsikiliza. Niliupita mguu wa mume wangu nikaingia. Wakati naingia niliona mambo mawili. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kitasa, kwa nje. Na chupa ile ya chai ilikuwa imesimama sakafuni nje ya mlango, imefungwa vizuri. Sikujua kwamba alikuwa na ufunguo wa nyumba yetu. Nimejua siku hiyo.

Jikoni nilikuta sufuria yangu kubwa juu ya jiko, jiko limezimwa, jiwe la vifungo limo ndani na mvuke bado unapanda. Karibu na sinki kulikuwa na brashi ya kusugulia. Mdomoni nilihisi ladha kama nimelamba chuma. Nilitoka mbio, kifua kimebana. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali sote watatu. Mimi na mwanamke yule tuliruhusiwa jioni. Mume wangu aliwekwa kwenye hewa ya oksijeni, homa kali, hawezi kusema.

Daktari aliniuliza amekula nini. Nilimweleza habari ya jiwe, akaniuliza mara mbili, akaandika, akaenda kupiga simu. Shemeji alikuwa amesimama hapo. Alikuwa ameshapita kwenye jengo, ameambiwa na majirani kwamba mwanamke wa juu ana ufunguo na alionekana akishuka na chupa. Alinivuta pembeni akasema, "Shemeji, jiwe la samaki linaweza kumlaza mwanaume mzima? Hizo hadithi amekufundisha huyo huyo. Wewe nyamaza tu, hili niachie mimi."

Jumapili nikasikia kwamba mmemchukua. Nilinyamaza. Sitasema kwamba niliumia. Nilikaa kwa dada yangu nikanywa uji wote, nikalala mchana.

Jioni nilirudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa. Madirisha yalikuwa bado wazi, na kulikuwa kimya. Kimya kile kilinishtua, maana nyumba yetu haijawahi kuwa kimya tangu lile tangi lilipoingia. Mtu alikuwa amezima umeme wote kwenye swichi kubwa. Pampu ilikuwa imesimama. Samaki walikuwa juu ya maji wanatweta, midomo nje, na yule wa rangi ya chungwa amelala ubavu. Matumbawe yote yalikuwa yamejifunga.

Niliwasha umeme. Pampu ikakataa, nikaifungua nikatoa uchafu uliokwama, ikazunguka. Nikachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, mpaka mkono ukauma. Maji yalikuwa yamepungua, nikaongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu maji yakikauka chumvi yake hubaki. Sikuwalisha. Hakuna aliyewahi kunifundisha hata kimoja katika hayo. Yote ni sauti ya mwanamke yule, niliyoisikia kwa chuki. Yule samaki alijiinua nikiwa nimekaa sakafuni. Akaja kwenye kioo akanitazama, nami nikamtazama.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nitakuja.

Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilipita hospitali. Mume wangu ametolewa oksijeni, anaongea kwa kunong'ona. Nilimuuliza, "Uliambiwa usichemshe. Kwa nini umechemsha?" Akasema, "Ndoo ulizikataa. Nikaona likichemka litakwisha upesi, ukirudi unikute nimevaa, twende." Daktari anayo simu ya wodi, na amesema mpelelezi akija atamruhusu aulize mwenyewe. Kuhusu ufunguo, amesema alimpa siku ile tulipokwenda kumwona binti yetu, ili samaki wasife, na hakuniambia kwa sababu alijua nitakavyokuwa.

Afande ameniuliza kama kuna uhusiano wa mapenzi kati ya mume wangu na mwanamke huyo. Jibu langu ni hapana. Ameniuliza ninajuaje. Ninajua kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwasikiliza watu wawili kama nilivyowasikiliza mimi. Kama lingekuwepo neno, ningelikuwa nalo.

Ameniuliza kama mwanamke huyo ni rafiki yangu. Si rafiki yangu. Simpendi. Mume wangu humsikiliza kwa namna ambayo hanisikilizi mimi, na hilo halijaisha kwa yeye kulala mahabusu. Lakini hakumtilia mtu sumu. Alimkataza, kisha akamtoa ndani huku naye anavuta ile hewa.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu ni hayo. Nimesomewa, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, nami naweka sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi kwa lugha anayoielewa, akayathibitisha. Daktari wa wodi, nilipompigia, alisema dalili za mgonjwa zinalingana na mvuke alioeleza shahidi. Nimependekeza mtuhumiwa aachiwe leo.

Baada ya kusaini, shahidi aliomba kumwona mtuhumiwa. Nilimruhusu, nikiwa nimesimama nao. Hawakusalimiana. Mtuhumiwa ndiye aliyeanza. Alisema, "Dada, pampu inazunguka?" Shahidi akajibu, "Inazunguka." Akauliza, "Samaki?" Akajibiwa kwamba wote wazima. Ndipo akauliza hali ya mgonjwa.

Shahidi alimwambia, "Umeanza na pampu."

Mtuhumiwa hakumwelewa. Shahidi alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa mtandio. Nilimuuliza kama ana jambo la kuongeza kwenye maelezo yake. Alisema hana, na kwamba atamsubiri mtuhumiwa hapo hapo mpaka atoke, waende pamoja, kwa sababu matumbawe bado hayajafunguka.