Muhuri wa Mpira na Dirisha la Mzee Javan

Mpendwa Shangazi Shamima,

Kabla sijaomba msaada shika kiti vizuri, maana unasoma mwandiko wa msanifu majengo hodari kuliko wote kutoka Macalder mpaka Homa Bay, na wale wa Nairobi wenye tai wakiona ramani zangu wataficha zao chini ya godoro. Shule niliachana nayo Form Two, lakini mkono wangu, wacha tu. Mwaka jana nilifungiwa mandazi kwa karatasi ya gazeti la chama cha taifa cha wasanifu majengo, nikala mandazi, nikanakili ramani iliyokuwemo, halafu nikaenda Migori nikachongewa muhuri wa mpira: MWANACHAMA. Aki Shangazi, huo muhuri! Hata wazee wakaanza kuniita Injinia.

Basi Mzee Javan, aliyestaafu kazi ya posta, akanipa kazi ya kumchorea na kumsimamia nyumba yake ya matofali hapo nje ya Homa Bay, na imesimama, ina dirisha pana linalotazama ziwa, na mkewe mama Orpah huja kila jioni kukaa chini yake akichambua mboga na kucheka peke yake. Wanahamia Desemba shule zikifungwa. Jogoo ameshachaguliwa, na kwa mila ya Wajaluo mwenye nyumba akishaingia na jogoo na moto akalala, harudi tena kulala kwenye ile ya zamani.

Swali langu ni dogo. Nijiunge vipi na hicho chama ili muhuri uwe wa kweli?

Lakini pia wacha niseme. Tulipofika juu ya lile dirisha, kwenye linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta, fundi Mokaya, ambaye alishika mwiko kabla sijazaliwa, aliniuliza, "Kijana, linta hii tunalaza nondo ngapi?" Ramani haikuonyesha, mimi sikujua, na kusema sijui niliona haya, nikapiga muhuri kwenye ramani mbele ya macho yake nikasema, "Mzee, sisi wa chama hapo hatuweki nondo." Akanitazama. "Haya, nyinyi ndio mmesoma." Akamwaga zege tupu. Juzi nimeona ufa juu ya dirisha, wembe unaingia. Sijamwambia mtu.

Mwikwabe, Macalder

Mwikwabe,

Nilicheka mpaka pale Mokaya alipouliza, nikaacha. Wale wenye tai husoma miaka na kufanya mitihani ili fundi akiuliza apate jibu, au aambiwe, "Sijui, ngoja nikaulize." Mokaya jibu alikuwa nalo, wewe ukamziba mdomo na kipande cha mpira. Na mama wa watu anachambua mboga chini ya hapo!

Weka gazeti hili chini. Pitia kwa Mokaya, umwombe radhi, mwende pamoja leo mkamwambie Mzee Javan ukweli wote. Mama Orpah aache kukaa hapo, miti ya kuegemeza iwekwe chini ya linta, kisha linta ibomolewe na kumwagwa upya, na nondo azihesabu Mokaya. Muhuri ukate kwa kisu. Chama hakikuchukui na Form Two yako, lakini ofisi za wasanifu Kisumu huchukua vijana wa kuchora. Wapelekee kazi yako, useme uliinakili. Mkono unao, sikukatalii.

Mzee Javan atakufokea, na ana haki. Usijitetee, usitafute mlango wa kutorokea. Akimaliza, vua shati uanze kubomoa.