Shamba Lililoandikwa Jina la Baba Mdogo

Shikamoo mama mdogo Felista,

Barua hii isome peke yako, kisha uichome, la sivyo nitafukuzwa kazi.

Tangu uende Kisaki kumuuguza bibi, kabichi zako nazimwagilia mimi, na Jumapili zilishinda kwenye maonesho ya kijiji. Zawadi alipokea mumeo, baba mdogo Gervas. Kesho yake akaja kwangu ofisi ya kijiji akicheka: "Karani, na shamba liandike kwa jina langu. Mwenyewe si hayupo?"

Nikaandika, mama, kwa woga, huku nikijua ardhi ile ni ya ukoo wetu, hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Nisamehe.

Ijumaa fomu hiyo ya shamba itasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Njoo na akina mama wa ukoo. Mkisimama kupinga, nami nitasema nilikosea. Usipige simu. Nitakungoja siku hiyo nyuma ya kanisa, misa ya asubuhi ikiisha, kabla ya mkutano.

Mwanao,
Prisca