Venti ya Upande wa Abiria

Baba mpendwa,

Mutua wetu anaoa Jumamosi. Uliahidi kwamba bibi harusi wake atabebwa na Mjerumani wako, lile gari lako kuukuu, na Mama ameishikilia ahadi hiyo kama wosia. Kazi ya kuliandaa gari ikaniangukia mimi, dada mkubwa. Injini haina neno, viti vimeshonwa upya. Zilibaki venti nne za kiyoyozi pale kwenye dashibodi. Tatu zimepasuka kwa jua la miaka yote hii, na vijibao vyake vya plastiki vinadondoka ukivigusa tu.

Nilishukuru kupata cha kutafuta. Tangu tukuzike mwezi wa nane sijalia hata mara moja. Kaburini shangazi zangu walinitazama wakanong'onezana. Mama akinipakulia isyo, mahindi na maharagwe yake, huniongezea kijiko kimoja, kana kwamba machozi yangu yamekwama kwa njaa. Sina uchungu, Baba. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nakula, nalala, naenda kazini.

Venti mpya zinapatikana huko Ujerumani. Nilipoona bei yake pamoja na gharama ya kuzisafirisha, nilizima simu, maana kwa pesa hizo ungepata ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Kwenye yadi moja ya magari mabovu kule Mlolongo nilikuta gari kama lako, lakini walionitangulia walikuwa wamelikwangua hadi waya. Basi nikafanya ulivyotufundisha, kwamba anayetafuta spea hapeleki maneno, hupeleka kitu chenyewe. Nikaichomoa kwa mpini wa kijiko ile venti moja nzima, ya upande wa abiria, nikaifunga kwenye leso.

Venti hiyo unaijua. Nilikuwa na miaka tisa, tunakwenda Masinga kwa Nyanya. Kiyoyozi ulikuwa ukikiwasha kwa kipimo, kama dawa: tukishapita Kithimani unahesabu vilima viwili, kisha unazima. "Kinakula petroli," ulisema. Siku hiyo ulisimama kununua ndizi, nami nikataka sehemu kubwa zaidi ya ule ubaridi. Nikaingiza mpini wa kitana kwenye venti ili niielekeze kwangu. Ikavunjika. Uliporudi ukauliza nani, nikasema ni Mutua.

Alikuwa na miaka sita. Alikataa, akalia, akashindwa kujieleza. Ukamnyima zamu yake ya kukaa mbele, na zamu hiyo nikaikalia mimi. Baada ya Jumapili mbili ulimrudisha kiti cha mbele bila maelezo, na ukamnunulia soda nzima ya peke yake. Venti ilikuwa imeshatengenezwa. Nilidhani umeipata mahali, na nilidhani umesahau.

Wewe ulikuwa seremala hadi kwenye mifupa. Kilichovunjika nyumbani hakikutupwa, ulikitengeneza, kisha mahali pasipoonekana ukaandika kwa penseli jina la aliyekivunja. Chini ya kile kigoda cha jikoni pana jina la Mutua. Nyuma ya redio uliandika "Mama", naye akakununia wiki nzima. Ulisema kitu kina haki ya kujua kilichokipata. Tulikucheka.

Nilifika kwa Njoroge, yule muuza spea kuukuu wa Kithimani aliyekuwa akikuuzia plagi. Alinipa pole ya msiba, akaipokea venti, akaipima kwa kiganja, akaikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Hii umetoa wapi, dada?"

"Kwa gari ya mzee."

"Hii si plastiki. Hii ni mbao. Mtu amechonga, halafu akapaka rangi ya viatu."

Akaigeuza, akapangusa vumbi la upande wa nyuma kwa kidole gumba. "Na kuna jina hapa," akasema. "Mwende ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Alinivutia kiti, nikakaa.

Kumbe ulijua. Kila nilipokuja nyumbani kutoka chuoni, na hata baadaye nilipoanza kazi, ulikuwa ukinipeleka stendi, na kabla hatujatoka getini unaigusa ile venti na kuniuliza, "Hewa inakufikia, mwiitu, binti yangu?" Nami nikajibu, "Inafika, Baba." Miaka zaidi ya ishirini uliniuliza hivyo, nami nikajibu hivyo hivyo. Mara ya mwisho ilikuwa Juni, ukiwa umekonda, mkono ukiwa kwenye gia. Ulingoja kidogo baada ya jibu langu. Nikaangalia simu.

Nilimpigia Mutua nikamweleza yote.

"Venti gani?" akauliza.

"Ile niliyokusingizia."

"Mimi sikumbuki venti, Mwende. Nakumbuka tu soda." Kisha akaniuliza kama maua ya boneti yameletwa.

Kwa hiyo tulibaki wawili tu tuliolibeba jambo hili, na mmoja yuko udongoni. Naona aibu, Baba. Ni jambo la kwanza ninaloliona waziwazi tangu Agosti.

Venti za kununua sikuzipata. Niliipeleka yako Wamunyu, kwa mchongaji ambaye kazi yake ni swala na twiga. Aliigeuzageuza, akasema, "Aliyechonga hii hakuwa na haraka." Akanichongea tatu za mti wa mukau kwa kuifuata, na alichonidai kilikuwa sawa na bei ya mafuta ya kwenda Nairobi na kurudi. Nimezipaka rangi ya viatu mwenyewe. Nyuma ya kila moja nimeandika "Jua", kwa sababu ndilo lililozivunja zile za zamani.

Sasa nimekaa kiti cha abiria, gari liko chini ya mabati palepale ulipoliacha, na nimewasha kiyoyozi kwa muda mrefu kuliko ambavyo ungeruhusu. Hewa inatoka kwenye zote nne. Bado sijalia. Yako nimeirudisha mahali pake, lakini kabla sijaibana niliigeuza, nikachukua penseli yako, na chini ya jina langu nikaandika: Ni kweli.

Inanifikia, Baba.

Binti yako aliyeivunja,
Mwende