Mume Wangu Anacheza Dansi Redioni

Shangazi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya kituko. Mimi ni msusi, na juzi nikiwa katikati ya kichwa cha mteja redio ya saluni ikaanza kutangaza matokeo ya utafiti wa jinsi watu wanavyojiburudisha wikiendi, wakasema wengi wetu matembezi yetu ni kuzunguka madukani kushikashika vitu tusivyonunua, tukacheka, kisha wakamrusha hewani mmoja waliyemhoji, na sauti ni ya mume wangu, fundi friji, anasema, "Mimi na mke wangu Jumamosi hatukamatiki, ni dansi mpaka viatu vinaomba poo!"

Shangazi, matembezi yangu ya mwisho na huyu baba yalikuwa kumpeleka mama mkwe kung'olewa jino. Wateja wakanigeukia, "Kumbe mwenzetu!" nami nikatabasamu huku moyoni nikijiuliza, huyo mke anayechezeshwa ni nani? Basi Jumamosi alipoaga kwamba anakwenda kazini nikamfuata nyumanyuma, akaingia duka la magodoro, kuchungulia hivi, namwona kalala chali kwenye godoro la maonyesho, viatu kavua, anakoroma, na muuzaji akaninong'oneza, "Mama, usimwamshe, huyu ni wetu wa kila wiki."

Nikamwamsha. Akasema aliona aibu kumwambia mtu wa redio kwamba starehe yake ni usingizi. Ningemsamehe, lakini wifi yangu naye aliisikia redio, ameshautangazia ukoo mzima, na Jumamosi hii kwenye harusi ya binamu yao tumepangwa sisi kufungua dansi, na hatujui kucheza hata kidogo! Nimuumbue, au niugue ghafla?

Msusi Aliyechanganyikiwa

Marahaba, mwanangu. Pole, ila nimecheka mpaka chai ikanipalia. Ulikwenda kufumania mwanamke, ukafumania godoro, shukuru. Lakini nawe uliposimama pale saluni ukitabasamu uliitikia uongo, kwa hiyo msijifanye mmoja ndiye mkosaji. Kuugua usithubutu: wifi atakuja kukuuguza, na hataondoka. Kumuumbua mumeo mbele ya ukoo wake ndiyo kabisa usahau.

Halafu, umewahi kumuuliza kwa nini anakwenda kulala dukani? Hilo godoro lenu likoje? Libadilisheni, bibi wee!

Leo jioni fungeni mlango, sogezeni viti, akushike kiuno. Hatua moja mbele, moja nyuma, basi. Harusini watu wanaangalia nguo, si miguu. Na akikukanyaga usipige kelele: zunguka. Watadhani ndiyo mtindo.