Binti wa Marumaru wa Ukumbini Kwetu

Mama yangu,

Hapa Wete hakuna tena wa kumweleza haya akayaelewa, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyeweza kunijibu. Nyumba inauzwa, itabomolewa. Kabla haijavunjwa nataka tumzungumzie Bi Kipepeo.

Unakumbuka baba alivyojisifu kuwa babu yake alimnunua kwa Mfaransa, zama za karafuu? Sanamu ya msichana wa marumaru, mbawa za kipepeo mgongoni, taa mkononi, na nguo isiyomsitiri. Kila tukisoma maulidi ulimfunika kanga, baba akakutania kuwa umepata mke mwenza asiyekula wala kununa. Ulicheka, ukazidi kuikaza kanga.

Idi ikikaribia tulisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu, kisha tukamgeukia yeye. Mimi miguu, wewe uso. "Ntoto wa watu huyu," ulisema, "asiingie Idi na tongo." Ulimshika kidevu kama ulivyonishika mimi. Sijapendwa hivyo tena, mama.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa vitu vya kale. Kaka zangu walioko Maskati walikwishasema: akimnunua, tutaezeka paa nami nibaki, asipomnunua, nyumba iuzwe. Mgeni akanieleza kuwa huyu ni Saiki wa hadithi za Wayunani, aliyekatazwa kumtazama mumewe, akawasha taa akamtazama, akampoteza. Wafaransa wa karne ya kumi na tisa walimchonga kupambia kumbi za matajiri. Mbawa alizisifu sana. Kisha akapitisha kidole palipokuwa na pua na midomo. Palikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Sisi tuliokaa naye hatukuona kitu. Akasema uso umeliwa na kitu kikali, na bila uso hamtaki.

Nikaijua ndimu yetu. Hasira zilinipanda, mama, sikufichi, nikakaa ukumbini nikalia mpaka adhuhuri.

Jumamosi nakabidhi funguo. Nitapata chumba cha kukodi, lakini kwetu sitapapata tena, wala sijidanganyi.

Kaka walipiga simu kwa uchungu, wakataka kujua nani aliyemharibu. Wangekulaumu kila wakikutaja, hata kwenye hitima yako. Nikawaambia paa lilivuja miaka mingi, ni mvua.

Mungu akulaze pema.

Mwanao uliyemfundisha kusugua